Kofia ya Asiyezaliwa

Kofia ilipotea Ijumaa jioni, na nyumba nzima haikuhangaika kumtafuta mwizi, kwa sababu mwizi alijulikana. Profesa Mihayo Kasanda aliwasili Kilole kutoka Tabora jua likiwa bado juu. Aliingia bila hodi, akafunua sufuria jikoni, akala maharage ya watu na kulalamika kuwa hayakuiva, akaiita chai maji ya kusuuzia vikombe, kisha akaaga kwa adabu zote. Alipokwisha kuondoka, Leokadia alitazama juu ya kochi, mahali alipokuwa ameweka kofia ndogo ya sufu, ya manjano yenye ukingo wa kijani, aliyokuwa amemfumia mtoto wake. Sindano za kufumia zilikuwapo. Kofia haikuwapo.

"Mjomba, yule mzee ameondoka na kofia ya mwanangu."

"Shukuru hakuondoka na kochi," alijibu Daktari Salvatory Kobelo bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Ni mtani."

Jibu hilo lilitosha. Wanyamwezi na Waluguru wametaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hakasirikiwi. Akichukua kitu chako, unacheka. Akikutukana mbele ya wakwe, unacheka zaidi. Lakini siku hizi utani ulikuwa umepewa kazi kubwa kuliko kula maharage ya watu.

Kabla ya Sheria ya Matokeo, vituo vya utafiti vilikuwa na tabia ya kutangaza tiba leo na kuikana baada ya mwezi. Wataalamu walikaguliana kazi wakiwa marafiki, wakaoneana haya. Ndipo wabunge wakakumbuka kwamba nchi hii tayari ina watu waliozaliwa na ruhusa ya kumwambia mtu ukweli usoni bila kugombana naye. Kila kituo kikapewa mtani wake. Kituo cha Urithi cha Kilole, hapa kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, kikapewa Kituo cha Hesabu cha Tabora, na tangu hapo hakuna ugunduzi wa Kilole uliotoka nje ya mlango kabla ya mtani kuulalia.

Salvatory aliijivunia sheria hiyo kama alivyokijivunia kituo chenyewe. Jengo lake refu la mawe lilisimama mahali ambapo baba yake alikuwa akilima kabichi. Wageni wa mabara yote walipanda mlima ule wakihema, wakashuka wakiwa na neno moja la Kiswahili vinywani mwao, mshono, maana kitu hicho kilizaliwa hapa na hakikuwa na jina jingine duniani.

Huko milimani palikuwa na ugonjwa wa watoto ulioitwa moyo mkavu. Mtoto huzaliwa mzima, akatambaa, akatembea, akacheza. Kisha, akishaanza shule, misuli ya moyo wake huanza kukakamaa, na siku moja huanguka. Chanzo ni jeni moja dhaifu. Kila mtu hurithi nakala mbili za kila jeni, moja kwa mama na moja kwa baba. Mwenye nakala moja dhaifu haumwi wala hajijui. Mwenye mbili, moyo wake haupati protini ya kutosha. Mshono ulikuwa kipande kifupi sana cha vinasaba kilichoshonewa kando ya nakala mojawapo, kikaiamsha ifanye kazi ya nakala mbili. Ulifanywa mtoto akiwa tumboni, kabla mimba haijavuka mwezi wa tatu, na ukishaingia uliingia katika kila chembe ya mwili wake, hata zile ambazo siku moja atazalia watoto. Kwa hiyo mtoto angepona, na baadhi ya wanawe wangeurithi mshono kama wanavyorithi pua.

Dada yake Salvatory, marehemu Melania, alizaa watatu. Renatus alianguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, huku wenzake wakiimba. Faustini alianguka njiani akitoka kuchota maji, na ndoo haikumwagika yote. Watu walilizungumzia hilo kwa miaka. Aliyebaki alikuwa Leokadia. Kwa Waluguru mtoto wa dada ni wa mjomba, na Salvatory alimlea, akamsomesha, akamwoza. Aliolewa na Prosper, fundi wa kamba za kupandishia mazao mlimani, ambaye alikuwa mtoto wa Salvatory mwenyewe. Kwa hiyo aliyekuwa tumboni alikuwa mjukuu wake pande zote mbili, na kipimo cha damu ya mama kilikuwa kimeshasema kwamba nakala zote mbili za mtoto ni dhaifu.

Ukumbi wa Matokeo, ambako watani walizipima kazi za vituo mbele ya watu, ulikaa mara mbili tu kwa mwaka. Kikao kilichofuata kingemkuta mtoto ameshazaliwa. Kwake yeye, mshono ungepita kesho au usingempata kabisa.

Chini ya meza ya jikoni, jogoo mwekundu aliyefungwa mguu alikuwa akidonoa punje za mahindi. Leokadia ndiye aliyemchagua. Alimtazama kwa muda, akamwambia mjomba wake kwamba amemtafuta aliye mnene makusudi, asije mtani akapata sababu.

*

Asubuhi Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Watu wa milimani walipenda siku ya matokeo kuliko siku ya mpira, na walikuja na vyakula vyao na watoto wao migongoni. Mbele, mkabala na mlango wa chumba cha muhuri, ambako matokeo yaliyopita hugongwa muhuri, palikuwa na kitanda cha kamba. Mtani akipinga, hulala pale, akaziba njia. Mtafiti anayeamini kazi yake humpa jogoo, na mtani akishampokea sharti ainuke, hata kama roho yake haitaki, na matokeo yapite. Jogoo asipotolewa, matokeo yamelala. Sheria haikumlazimisha mtafiti kutoa wala kutotoa. Ilimwachia yeye na jina lake.

Bi. Rukia Sengasu, Msomaji wa Matokeo, alikuwa na sauti isiyopanda wala kushuka. Alisoma kwanza ya fizikia. Mipira ya vioo iliyoning'inizwa kilindini mwa Ziwa Nyasa ilikuwa imenasa chembe za nyutrino kutoka kwenye nyota iliyokuwa ikifa, saa kadhaa kabla mwanga wa kifo hicho haujafika duniani. Mtani wao alilala kitandani amevaa miwani myeusi, akiigiza mtu wa kesho anayetaka kujua kama mipira hiyo itamwambia pia mke wake atarudi saa ngapi. Jogoo akatolewa, watu wakapiga makofi.

Yakafuata ya falaki. Vijana wa Makete walikuwa wameona mvuke wa maji kwenye sayari ndogo ya mbali. Mtani wao aliwauliza imekuwaje wakaona maji huko kote ilhali bomba la kituo chao limekauka tangu Jumatatu. Jogoo. Kisha hisabati: dada mmoja wa Songea alithibitisha kwamba inawezekana kusuka mkeka usio na mwisho kwa umbo moja tu la ukindu bila nakshi yake kujirudia popote. Mtani wake alisema haamini mpaka alale juu ya mkeka huo, akalala kweli, akakoroma. Jogoo wa tatu.

Salvatory alikuwa amekaa mbele, suti imenyooka, jogoo wake akiwa kwenye kikapu miguuni. Kifua kilimjaa. Alitazama zile nyuso, bibi kwa mjukuu, zikifuata habari za nyota na mikeka kana kwamba ni habari za jirani, akawaza kwamba hakuna nchi nyingine ambako sayansi inasikilizwa hivi. Leokadia alikuwa safu ya pili, mkono tumboni. Prosper alikuwa juu ya kamba zake, zamu ilimkatalia.

"Matokeo ya nne," Bi. Rukia akasoma. "Kituo cha Urithi cha Kilole. Mshono wa moyo mkavu, wa kurithiwa."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Profesa Kasanda akaingia akitambaa.

Zamani, msibani, mtani alivaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, watu wakacheka katikati ya kilio. Mtani wa matokeo naye huvaa nguo za yule ambaye ugunduzi utamfikia. Kasanda, mtu wa zaidi ya miaka sabini ambaye kanuni zake zilifundishwa kila mahali penye ubao na chaki, alikuwa anatambaa kwa magoti, kidole gumba mdomoni, khanga imemzunguka kiunoni kama nepi. Juu ya mvi zake, imevutwa mpaka masikioni na kukaribia kupasuka, ilikaa kofia ya manjano yenye ukingo wa kijani.

Ukumbi uliangua kicheko. Hata Leokadia alicheka, akaziba mdomo kwa khanga.

"Mimi ni kitukuu," Kasanda alisema kwa sauti nyembamba. "Bado sijazaliwa. Wenzangu kwenye foleni wamenituma nije kumwona babu anayetushonea nguo kabla hajatupima."

"Karibu, kitukuu," Salvatory alijibu. "Naona umezeeka njiani."

"Ni maharage ya Kilole. Nimekula jana, mpaka sasa yanaendelea kuiva tumboni."

Waliendelea hivyo kwa muda, mmoja akitupa, mwingine akidaka, na watu wakashangilia kila upande kama mpira. Kasanda aliuliza kama mshono unauma, kama unaruhusiwa kufuliwa na sabuni, kama mtoto aliyeshonwa ataweza kucheza ngoma kama Mnyamwezi au atabaki kucheza kama Mluguru. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kitoto, mshono mmoja unaponya, je, mtu akipata miwili?

Salvatory alilitarajia swali hilo na hakusita. Alieleza kwamba ni sawa na chumvi kwenye mboga. Ikitiwa mara moja mboga inakolea, ikitiwa mara mbili hailiki. Panya wa maabara walioshonwa nakala zote mbili walipata protini kupita kiasi, na mioyo yao, badala ya kukakamaa, ililegea na kutanuka kama mpira wa zamani. Jambo hilo halikufichwa, limeandikwa kwenye ripoti. Lakini ili mtoto apate mishono miwili, sharti baba awe nao na mama awe nao. Hesabu za kituo zilionyesha kwamba uwezekano huo ni mdogo mno, haufai kuhesabiwa.

"Mdogo kwa nini, babu?"

"Kwa sababu watu wanaoa mbali siku hizi. Desturi ya kuoana binamu imekwisha."

"Imekwisha lini?"

"Inakwisha."

Watu walicheka. Kasanda alikaa chini, akakunja miguu, akakuna kofia.

"Kule kwetu," alisema, "tangu mababu tunawatania kwamba Mluguru anamwoza mtoto wake kwa binamu ili shamba la kabichi lisiende kwa mgeni. Ni utani wa siku zote. Nilipanga niutupe hapa, mcheke, nichukue jogoo wangu nirudi nyumbani. Ila kwenye treni nilikosa usingizi, nikaufanyia hesabu. Nijibu, babu. Mtoto anaupataje moyo mkavu?"

"Kwa nakala mbili dhaifu. Moja ya mama, moja ya baba."

"Nakala hiyo dhaifu ipo Tabora?"

"Haipo."

"Songea?"

"Haijaonekana."

"Ipo wapi?"

"Hapa milimani. Katika koo chache."

"Basi ili mtoto augue, baba na mama sharti watoke kwenye koo hizo hizo chache."

"Kwa kawaida."

"Kwa kawaida ni binamu." Kasanda alitoa kidole mdomoni, na sauti ya kitoto ikamwisha. "Sasa, mtani wangu, kama binamu hawaoani, wagonjwa wako umewatoa wapi?"

Kicheko kilichotoka kilitikisa mabati. Watu walipigana mabega, mama mmoja akamwaga chai yake. Kisha, kutoka mbele kwenda nyuma, safu moja baada ya nyingine, kicheko kilizimika, maana walikuwa watu waliozoea kusikiliza, na kila mmoja alilielewa swali kwa wakati wake.

Salvatory alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuelewa. Watoto wote ambao mshono ulitengenezwa kwa ajili yao walikuwa watoto wa binamu. Wangekua, wangeoa, na wangeoa walivyooa wazazi wao, kutoka nyumba zile zile ambazo nazo zingekuwa zimeshonwa. Mishono ingekutana. Haingekutana kesho wala kesho kutwa. Ingekutana kwa vitukuu, kijiji kizima kikiwa kimeshasahau jina lake. Alikuwa amechukua desturi hai ya watu wake, akaiandika sifuri.

Na alijua kwa nini. Haukuwa uongo. Katika mikutano ya ng'ambo wageni walikuwa wakimuuliza, kwa upole wa kukera, kama ni kweli kwamba huko kwao ndugu wanaoana. Aliona haya. Alipofika kwenye namba ile aliandika kama mtu anayefagia uwanja kwa sababu wageni wanakuja.

"Mimi nimecheza kwenye harusi ya binamu hapa hapa Kilole," Kasanda alimalizia, tena kwa upole. "Pilau ilikuwa nzuri, niliiba sufuria. Bwana harusi alikuwa mwanao."

Akatambaa mpaka kwenye kitanda cha kamba, akajilaza, akajifunika khanga mpaka kidevuni.

"Nalala," alisema. "Niamshe kwa jogoo ukiona inafaa."

*

Sheria ilimpa mtafiti muda wa kunywa maji. Salvatory hakunywa. Alisimama kwenye varanda, kikapu mkononi, akitazama kamba za Prosper zikipandisha magunia kutoka bondeni, hadi Leokadia alipotoka akasimama karibu naye.

Hakutaka maelezo marefu. Aliuliza kama yule mzee amesema kweli. Salvatory alimwambia ni kweli. Aliuliza kama mwanawe angedhurika. Alimwambia hapana, huyu angepata mshono mmoja tu na angepona kabisa, angecheza mpira mpaka azeeke.

"Basi nani anadhurika?"

"Vitukuu wangu. Labda na wao si wote."

Chini bondeni gunia moja lilikwama kwenye kapi, likazunguka, likaendelea kupanda.

"Njia nyingine ipo?"

Ipo, Salvatory alisema, imo kwenye ripoti hiyo hiyo, na akaieleza bila kuipamba, maana huyu alikuwa amezika ndugu wawili na asingedanganyika. Mtoto akishazaliwa anaweza kushonwa moyoni peke yake, kwa kupitia mshipa. Mshono wa namna hiyo haufiki kwenye chembe za uzazi, kwa hiyo haurithiwi. Lakini moyo wa mtoto unakua na mshono unafifia, kwa hiyo sharti urudiwe kila mwaka mpaka atakapokuwa mtu mzima, na kila mara kuna homa, na kila mara kuna hatari. Wengi wanavuka.

"Wengi," alisema Leokadia.

"Ndiyo, mwanangu. Wengi."

"Kwa hiyo mzee mwenye kofia ya mwanangu kichwani ndiye anaamua."

"Hapana. Yeye amelala tu. Anayeamua ni mimi."

Alimgeukia, akafungua mdomo kumuuliza anataka nini. Leokadia aliliona swali likija, akainua mkono.

"Usiniulize, mjomba. Ukiniuliza nitasema mpe jogoo. Nitasema mpe na ng'ombe. Mama gani atasema vingine?" Alijifunga khanga upya. "Huyo kitukuu simjui. Huyu namjua, nimeanza kutapika kwa ajili yake. Ndiyo maana sheria ilimweka mzee pale, si mimi. Kaamue kama daktari. Mjomba nitamkuta nyumbani."

Akamtengeneza kola ya koti, kama alivyofanya kila kikao, akaingia ndani.

*

Salvatory alipoingia, jogoo alisikika akikwaruza kikapu. Kasanda alikuwa amefumba macho. Mtu angeweza kudhani amelala kweli, kama si kofia kupanda na kushuka kwa haraka kwenye paji lake.

Salvatory alitembea hadi kitandani. Alikuwa na jina lililofika mabara yote, na neno moja la Kiswahili lililofika pamoja nalo. Kumpa mtani jogoo ilikuwa halali. Watafiti wakubwa walikuwa wametoa jogoo juu ya mashaka makubwa kuliko haya, na baadhi yao walikuja kuonekana kuwa walifanya vema. Kesho asubuhi angeweza kumshona mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe.

Alimtoa jogoo kikapuni. Akainama, akafungua kamba ya mguuni, akamwachia. Jogoo alisimama, akashangaa, kisha akaenda zake katikati ya safu za watu kama mwenye nyumba.

Salvatory alivua viatu, akavipanga vizuri chini ya kitanda. Kisha akapanda, na suti yake iliyonyooka, akajilaza ubavuni mwa mtani wake, mkabala na mlango wa chumba cha muhuri, akaziba njia ya kazi yake mwenyewe.

Hilo halikuwa limewahi kutokea. Sheria haikulikataza, kwa kuwa waliotunga sheria hawakuliwaza.

"Sogea, Mluguru," Kasanda alinong'ona bila kufumbua macho. "Kitanda chembamba, na wewe umenenepa kwa kabichi."

"Sogea wewe. Mtoto ambaye hajazaliwa hachukui nafasi."

Bi. Rukia alisubiri. Alipoona hakuna anayeinuka, alisoma kwa sauti ile ile aliyoisomea nyota na sayari na mkeka usio na mwisho.

"Matokeo ya nne. Kituo cha Urithi cha Kilole kimepima kazi yake mbele ya watu, kimeona kosa, na kimelilalia. Mshono wa kurithiwa haupiti. Mshono wa moyoni, ambao haukupingwa, unapita."

Aliyesimama wa kwanza alikuwa yule mama aliyemwaga chai. Kisha safu yake, kisha ngazi, kisha Ukumbi wote, watu waliokuwa wameipigia makofi sayari yenye maji wakiwa wamekaa. Hawakupiga makofi sasa. Walisimama tu, kama wanavyosimama mtu mzima anapopita, na Salvatory, chali juu ya kamba, aliziona nyuso zao kutoka chini, akajua kwamba katika maisha yake yote ya kusimama mbele ya watu hajawahi kuwa mrefu hivi.

Lakini uso mmoja aliukosa. Aligeuza shingo. Safu ya pili ilikuwa na nafasi wazi.

Alikaa kitako. Alitafuta viatu kwa miguu na hakuvipata. Ndipo watu wa mlangoni walipopisha njia, na Leokadia akaingia kutoka nje, khanga imekaa upande, jogoo mwekundu kwapani akifurukuta.

"Alikuwa anaelekea barabarani," alisema. "Nimehangaika kumchagua, halafu unamwachia aende hivi hivi." Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyaficha. "Vaa viatu, mjomba. Nina njaa. Na huyu mwanangu utamshona wewe. Sitaki wanafunzi wako. Kila mwaka, wewe mwenyewe, mpaka akuzidi kimo."

"Nitamshona."

"Hata ukizeeka mikono ikatetemeka."

"Haitatetemeka."

Kasanda alikuwa ameshuka kitandani na kujifunga khanga yake kwa heshima ya mtu mzima. Alisogea mbele ya Leokadia, akaivua kofia kwa mikono miwili, taratibu, kwa sababu ilikuwa imembana, na mvi zake zikasimama kama manyoya ya kifaranga.

"Niliiazima tu kwa mwenyewe," alisema. "Mwambie ahsante."

Leokadia aliipokea. Aliiinua juu kwenye mwanga, akaingiza ngumi ndani, akaizungusha. Mishono ya sufu ilikuwa imevutika pande zote, na ukingo wa kijani ulining'inia.

"Umeipanua, babu. Nilifuma ya mtoto mchanga. Sasa hii itamtosha akiwa darasa la tatu."

Akaikunja, akaitia kifuani, akatangulia kutoka.